Maji Twahara na Maji Salama: Somo la Kisima na Shimo la Choo

Wengi katika sisi tumesoma mlango wa twahara tangu chuoni, na tumehifadhi ya kuwa maji yaliyofika kulla mbili, yaani kadiri ya lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu hayakugeuka rangi, ladha wala harufu. Hukumu hii ndiyo ya madhehebu yetu ya Shafii, wala hatukukusudia kuigusa. Linalotushughulisha ni namna inavyotumiwa. Mtu huambiwa, "Kisima chako ki karibu na shimo la choo cha jirani," naye hujibu, "Maji ni mengi, wala hayakugeuka," kisha akampa mwanawe anywe. Huyo amejibu suala asiloulizwa. Fakihi amemsahihishia udhu, hakumdhaminia tumbo. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi, wala ladha, wala harufu.

Mwaka 1854 mtaa wa Broad Street mjini London ulishikwa na kipindupindu, wakafa watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alionyesha kuwa wengi wao walikunywa maji ya pampu moja, na baadaye palipofukuliwa pakaonekana shimo la choo la nyumba ya jirani likivujia kisimani. Maji yale yalikuwa yakipendwa: mwanamke mmoja aliyehamia mbali alikuwa akiletewa kwa utamu wake, naye akafa.

Sasa tutazame kwetu. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mchanga huchuja maji yapitayo polepole; jiwe la matumbawe lina nyufa na matundu, na uchafu hupita humo kama upitavyo mferejini. Wataalamu husema kisima kiepukane na shimo kwa mita 30, na penye miamba yenye nyufa hata masafa hayo huenda yasitoshe. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, nani mwenye mita 30 baina yake na jirani?

Wazee wetu walikunywa maji ya visima, na mbele ya Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa kiasi cha mwaka 1570, kisima kipo hata leo. Bomba la Mzima lilipokamilika mwaka 1957 visima vingi vilisahauliwa. Siku hizi bomba hukauka mara kwa mara, na watu wamerudi visimani. Walakini mji si ule. Nyumba iliyokuwa ya jamaa mmoja imepandishwa ghorofa nne na tano, na shimo ni lile lile.

Wako wanaojisifu kuwa shimo lao halikunyonywa tangu zama za baba zao. Hebu na waulizwe: yamekwenda wapi? Shimo lisilojaa limepata ufa. Lililojengwa sawasawa lina vyumba viwili visivyovuja: uzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati ndiyo yatokayo kwenda shimo la kunywewa na ardhi. Tope likifika thuluthi ya kina, yapasa gari liitwe kulinyonya, nayo huwa kila miaka mitatu hadi mitano, au upesi zaidi penye wapangaji wengi. Matambara, mafuta ya kupikia na dawa kali za kusafishia zisimwagwe humo, kwani dawa hizo huua vijidudu vinavyoozesha uchafu. Gharama ni ya mwenye nyumba apokeaye kodi. Tumechoka kusikia kuwa ni ya mpangaji wa chini ambaye choo chake ndicho hufurika kwanza.

Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kwenda haja penye maji wanayoyaendea watu, na akakataza kudhuru na kudhuriana. Anayekwenda haja kisimani usiku twamwita mwovu; na ambaye shimo lake hulivujishia kisima hicho hicho mchana na usiku, twamwamkia kwa heshima.

Visima vya misikiti na viendelee kutumika kwa udhu. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, na wasimamizi wa wakfu wayapeleke yakapimwe. Wala asiteremshwe kijana shimoni kulizoa kwa ndoo: hewa ya mle huua kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa hufa naye.