SOMO: Kuchagua Kamera ya Kwanza ya Kubadilisha Lenzi



Picha iliyo wazi humwonyesha mfadhili kazi ilipofikia. Je, parokia ya Ipogolo, hapa Iringa, yenye fedha kidogo inunue kamera gani? Tuzingatie haya:

1. Lenzi itangulie. Kamera hupitwa na wakati upesi. Lenzi nzuri hudumu. Lenzi za Canon EF, zilizoanza mwaka 1987, hufungwa hata kwenye kamera mpya za EOS R kwa kutumia adapta.

2. Iliyotumika yafaa, ila ikaguliwe. Nikon D40 ya mwaka 2006, kwa mfano, haina mota ya kulenga ndani yake. Ukiifungia lenzi ya zamani isiyo na mota, itabidi ulenge kwa mkono.

3. Kanisani mwanga ni hafifu. Lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ile ya f/5.6, na ni miongoni mwa zile za bei nafuu.

4. Vumbi la kiangazi ni adui. Badilisha lenzi ndani ya nyumba, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukielekea chini.

5. Bakizeni fedha ya betri ya pili, kadi na mfuko.

Kamera ni mali ya parokia: iandikwe katika daftari la mali.

Maswali ya kujadili: Nani ataitunza? Nani ataomba ridhaa ya wanaopigwa picha, hasa wazazi wa watoto?