Ufunguo wa Chombo cha Moto: Somo kwa Wazazi Wenye Vijana Wanaoanza Udereva

Somo hili linawahusu wazazi na walezi wa Malindi na wakaazi wa Unguja kwa jumla, wakiwemo watumishi wa Serikali, ambao vijana wao wamefikia au wanakaribia umri wa kuendesha chombo cha moto. Limegawiwa katika sehemu tano: sheria, gharama, dhamana, mafunzo na maafikiano ya nyumbani. Msomaji anaombwa alisome pamoja na kijana wake, kwani yaliyomo yanawahusu wote wawili.

UTANGULIZI

Mitaa ya Malindi ilijengwa kwa ajili ya mpita njia, punda na mkokoteni. Vichochoro vyake vingi havipitishi gari, na kwa sababu hiyo vespa na pikipiki ndivyo vyombo vya mwanzo kwa kijana wa Mji Mkongwe. Lakini kijana huyo akisogea hatua chache tu hukutana na malori yatokayo bandarini, teksi zinazongojea abiria wa boti, daladala za Darajani, wageni wasiozoea magari kupita kushoto, na watoto wanaokwenda skuli na vyuoni. Baina ya kichochoro na barabara kuu hapana masafa ya kumpa mwanafunzi nafasi ya kuzoea.

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Kauli hiyo ni njema inapomliwaza aliyekwisha kufikwa. Inapotumiwa na mzazi kabla ya ajali, ili asitende linalompasa, hugeuka kuwa udhuru. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo hilo linaeleza kuwa kuvaa kofia ngumu ipasavyo hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara sita. Kwa hivyo kinga ipo, na sehemu yake kubwa imo mikononi mwa anayeshika ufunguo.

1. SHERIA

Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Usafiri Barabarani Nam. 7 ya mwaka 2003. Mwenye kuendesha chombo cha moto anatakiwa awe na leseni inayolingana na aina ya chombo hicho. Leseni ya gari haimpi mtu ruhusa ya pikipiki, wala ya pikipiki haimpi ruhusa ya gari. Anayejifunza naye hana budi kupata kwanza leseni ya kujifunzia na kuweka alama ya mwanafunzi kwenye chombo.

Wazazi wanakumbushwa pia kuwa, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto Nam. 6 ya mwaka 2011, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mzazi ana wajibu wa kumlinda na madhara. Anayempa ufunguo mtoto asiye na leseni hawezi kusema kuwa kosa ni la mtoto peke yake. Mwenye chombo aliyeruhusu naye ni mkosa.

2. GHARAMA

Wazazi wengi huhesabu bei ya kununulia chombo na kusahau kuwa bei hiyo ni mlango tu wa kuingilia. Inafaa gharama ziandikwe katika mafungu matatu.

(a) Gharama za mara moja: bei ya chombo, usajili, ada za mafunzo na leseni, na kofia ngumu mbili, moja ya dereva na moja ya abiria. Kofia iliyowahi kupata kishindo katika ajali isitumiwe tena, hata ikionekana nzima.

(b) Gharama za kila mwaka: bima, ada za chombo na ukaguzi.

(c) Gharama za kila siku: petroli, mafuta ya injini, tairi, breki, taa, plagi na ujira wa fundi.

Tuchukue mfano. Kijana anakwenda Bububu na kurudi Malindi, masafa tuyakadirie kuwa kilomita 20 kwa siku, na anasafiri siku 26 kwa mwezi. Jumla ni kilomita 520. Ikiwa chombo chake kinakwenda kilomita 30 kwa lita moja, atahitaji zaidi ya lita 17 kwa mwezi. Mzazi azidishe lita hizo kwa bei ya siku hiyo, kisha alinganishe na nauli ya daladala kwa safari hizo hizo. Hapo ndipo itakapobainika iwapo chombo ni msaada au ni mzigo katika mshahara ambao huenda tayari unakatwa mkopo.

Palipo na upungufu, kitu cha mwanzo kuahirishwa huwa ni breki na tairi, kwa kuwa chombo kinaendelea kutembea. Hiyo si akiba. Familia isiyoweza kulipia matengenezo haijawa tayari kuwa na chombo, na hapana aibu katika kungoja.

3. DHAMANA

Zipo bima za namna mbili zinazojulikana. Bima ndogo, ambayo ni ya lazima, humlipa mtu mwingine aliyedhurika. Bima kubwa hulipia pia chombo chenyewe. Wengi huikata bima ndogo katika Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, au katika makampuni mengine, kisha hukaa wakidhani kuwa wamesalimika. Bima ni mkataba wenye masharti. Chombo kikiwa mikononi mwa asiye na leseni, mwenye bima anaweza kujikuta akidaiwa yeye mwenyewe fedha za aliyeumia.

Tuseme kijana wa miaka 15 amemgonga mchukuzi karibu na lango la bandari, na mchukuzi huyo amevunjika mguu. Nyumba mbili zimeingia katika dhiki kwa wakati mmoja: moja imepoteza pato la kila siku, na nyengine itauza kitu ili ilipe. Sheha na wazee wanaweza kusuluhisha baina ya majirani, lakini suluhu haiunganishi mfupa wala haiondoi kosa la jinai.

Watumishi wa Serikali wanaongezewa jambo moja. Gari au pikipiki ya ofisi ni mali ya umma. Kumtuma kijana aipeleke nyumbani au aende nayo dukani, hata kwa dakika kumi, ni matumizi mabaya ya mali hiyo na ni kuitia taasisi katika deni lisiloihusu.

4. MAFUNZO

Kijana hujifunza haraka kuendesha. Kinachochelewa ni busara ya kuona hatari kabla haijafika. New Zealand ilianzisha mwaka 1987 mfumo wa leseni ya hatua kwa hatua, ambapo dereva kijana huzuiwa kwanza kuendesha usiku na kupakia wenzake, na majeruhi miongoni mwa vijana yalipungua. Mzazi wa Unguja anaweza kuufuata utaratibu huo nyumbani mwake, kijana akishapata leseni inayohitajika:

Hatua ya kwanza: uwanja wa wazi, pamoja na mwalimu, mpaka breki na kona ziwe tabia.

Hatua ya pili: barabara zisizo na msongamano, mchana, pamoja na mtu mzima mwenye leseni.

Hatua ya tatu: peke yake, mchana, bila ya abiria.

Hatua ya nne: usiku na wakati wa mvua, baada ya miezi kadhaa isiyo na kosa.

Mwendo ufundishwe kwa hesabu. Chombo kinachokwenda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde; kwa kilomita 60 hupita karibu mita 17. Mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kushika breki huongezeka mara nne. Katika mtaa ambao mtoto hutokea mlangoni na kukanyaga njia moja kwa moja, mita hizo ndizo uhai wake.

Yapo mengine ya kwetu yanayostahiki kukazaniwa. Kupakiana mshikaki, yaani watu watatu juu ya pikipiki moja, kusiruhusiwe hata kwa ndugu wa nyumba moja. Mwanamke anayeendesha au kupakiwa akusanye vyema buibui na mtandio, kwani nguo ikishikwa na gurudumu humwangusha. Jioni za Ramadhani, wakati kila mtu anakimbilia futari, na siku za Sikukuu, wakati vijana wanapoazimana vespa, ufunguo ubaki kwa mzazi.

5. MAAFIKIANO YA NYUMBANI

Maneno ya mdomo husahaulika. Inashauriwa mzazi na kijana waandike karatasi moja yenye sahihi zao wote wawili, ikieleza: nani analipa petroli na matengenezo, saa ya kurejea, kuwa chombo hakiazimwi rafiki, kuwa simu haishikwi njiani, kuwa kofia huvaliwa na kufungwa hata kwa safari ya kwenda dukani, na adhabu ya kuvunja sharti. Kijana achangie gharama japo kidogo, kwani anayelipia tairi huacha kuichezea.

Mzazi naye aweke sahihi kuwa atayafuata masharti hayo hayo. Baba anayetundika kofia mkononi hana ulimi wa kumwambia mwanawe aivae kichwani. Hospitali ya Mnazi Mmoja imekuwa na kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo tangu mwaka 2014, na madaktari wake wanaweza mengi. Lakini kazi hiyo ni bora isihitajike.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, chombo kilichopo nyumbani kina bima iliyo hai, na masharti yake yanamtaja nani kuwa dereva?

2. Gharama za mwezi ni kiasi gani, na kitapunguzwa nini katika matumizi mengine ili zilipwe?

3. Kijana akisema, "Baba, wenzangu wote wanaendesha," mzazi amjibu nini?

4. Ni nani mwengine nyumbani anayejua ufunguo unapowekwa?

Wasiokuwa na majibu ya maswali haya wanashauriwa wasimkabidhi kijana ufunguo mpaka watakapoyapata.