Ugonjwa ninao, je, nitapata mafao ya ulemavu Marekani?

Nina kisukari cha miaka mingi. Ninastahili mafao ya Social Security?

Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Tangu 2011, kisukari cha watu wazima hupimwa kwa madhara yake: macho, figo, ganzi ya miguu. Kwanza Social Security wanatazama kama unafanya kazi. Mwaka 2025, asiye kipofu aliyelipwa zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi kwa kawaida aliishia hapo. Ugonjwa uwe mzito, na uwe umedumu au unatarajiwa kudumu angalau miezi 12, au kusababisha kifo. Kisha wanaulinganisha na orodha yao ya magonjwa. Usipofikia vigezo vya orodha, bado hujakosa: wataangalia kama unaweza kurudia kazi uliyofanya katika miaka 5 iliyopita, na kama huwezi, kama ipo nyingine unayoiweza. Hapo umri una uzito. Mbeba mizigo wa miaka 56 mwenye mgongo mbovu anaweza kukubaliwa, na karani wa miaka 35 mwenye mgongo mbovu vivyo hivyo akakataliwa.

Daktari aliandika kwamba siwezi kazi. Mbona nimekataliwa?

Kwa sababu uamuzi huo si wa daktari. Kwake wanataka majibu ya vipimo, na maelezo ya unachoweza: kusimama kwa muda gani, kuinua uzito gani, kukumbuka maelekezo.

Na hapa ndipo wazee wetu wanapoumia. Daktari anauliza hali. Mgonjwa, kwa adabu aliyolelewa nayo, anajibu "nzuri, namshukuru Mungu," naye ameingia akishikiliwa mkono na mwanawe. Daktari anaandika kwamba anajisikia vizuri. Baadaye mtu asiyewahi kumwona anausoma mstari huo na kuuamini. Nawasihi: salimieni, shukuruni, kisha semeni yote. "Nashindwa kufunga kamba za viatu. Nikisonga ugali, lazima nikae kabla haujaiva." Maneno kama hayo yakiingia kwenye faili, yana nguvu kuliko "naumwa sana."

Tena msiwatumie watoto kutafsiri. Yapo mambo ambayo baba hatayasema mbele ya bintiye. Social Security wenyewe hutoa mkalimani bila malipo, ombeni.

Sijui Kiingereza. Linahesabiwa?

Tangu Aprili 2020, halihesabiwi tena katika kupima elimu yako.

Sikuchangia vya kutosha kwenye Social Security. Nimekosa kabisa?

Si lazima. Ipo SSI, mafao mengine ya Social Security kwa wenye kipato na mali kidogo. Kwa mtu mzima ugonjwa hupimwa vilevile. Asiye raia ana masharti ya ziada.

Nimekataliwa. Niombe upya?

Kata rufaa, ndani ya siku 60 tangu upokee barua. Ukianza upya unaweza kupoteza malimbikizo ya miezi iliyopita. Wakili wa kesi hizi kwa kawaida hulipwa ukishinda tu, kutoka kwenye malimbikizo hayo. Na unaposubiri, usiache kliniki: faili lenye pengo la miezi humfanya mpimaji adhani umepona.