SOMO: CHUJIO LA MAJI KWA WAENDAO KWA MIGUU

Soma: 2 Wafalme 2:19–22

Elisha alitia chumvi kwenye chemchemi yenyewe. Sisi tusio manabii yatupasa kutafuta chujio.

Kila mwaka mahujaji wengi huenda kwa miguu hadi Namugongo, Uganda, walikochomwa mashahidi tarehe 3 Juni 1886. Toka Busia tu ni zaidi ya kilomita 150. Lita moja ya maji ni kilo nzima, kwa hiyo hakuna awezaye kubeba maji ya safari yote. Hapana budi anywe ya njiani, na akiharisha siku ya pili, safari yake imekwisha.

Chujio la kauri tunalijua majumbani. Ni imara, lakini la pampu la safarini laweza kufikia nusu kilo. Siku hizi kuna jingine, lenye nyuzi nyembamba zilizo wazi ndani kama mirija: maji hupenya kuta zake, uchafu hubaki nje. Uzito wake ni gramu 60 hadi 100 hivi. Hufungwa mdomoni mwa mfuko laini, nasi tukauminya. Vitundu vyake aghalabu ni vya mikroni 0.1, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 10,000. Kijidudu cha kipindupindu ni kinene kuliko hapo, hakipiti. Amiba vivyo hivyo.

Lakini virusi hupita, na hapa ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Kirusi cha homa ya ini ya aina A kina mikroni 0.03 tu. Basi penye choo cha shimo karibu na kisima, tukisha kuchuja tutie kidonge cha klorini na kungoja nusu saa, au tuchemshe. Wala chujio hili haliondoi chumvi, dawa za mashambani, wala ile floraidi iliyotia rangi meno ya watu wengi wa Arusha.

Vijana wapandao Kilimanjaro wajue pia kwamba likiganda likiwa na maji, nyuzi hupasuka, wala jicho halioni. Walale nalo ndani ya blanketi.

Tununue lile tuwezalo kuliosha wenyewe. Maji ya tope tuyaache yatuame, tuyapitishe katika kanga iliyokunjwa, ndipo tuyachuje. Jioni tusukume maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano. Na mfuko wa maji machafu tuufunge uzi mwekundu, gizani usidhaniwe kuwa chupa ya kunywea.