Mchezo wa Kuua na Dhamiri ya Kijana

Mzazi mmoja wa Tunguu, kisiwani Unguja, alitujia na swali ambalo twadhani lawahusu wazazi wengi. Mwanawe hushinda mbele ya kompyuta akicheza mchezo uitwao Hitman, ambamo mchezaji ni muuaji wa kulipwa. Je, amkataze?

Kwanza yafaa tuujue mchezo wenyewe. Hutengenezwa na kampuni ya IO Interactive ya Denmark, na wa kwanza ulitoka mwaka 2000. Mchezaji humwongoza mtu aitwaye kwa nambari tu, 47. Hutumwa mahali penye watu wengi, huvaa nguo za mpishi au za mlinzi, huchunguza nyendo za mtu aliyetumwa kumwua, kisha humwua kwa siri na kutoroka. Sifa ya juu hupewa asiyeonekana, na asiyemwua mtu mwingine yeyote.

Twakiri kwamba mchezo huo wataka subira na uangalifu. Apigaye risasi ovyo hapati sifa. Wala hatusemi kwamba auchezaye atakuwa muuaji. Kusema hivyo ni kuwaonea vijana.

Hatari twaiona penginepo. Anayeuawa mchezoni kwa kawaida huonyeshwa kuwa mwovu, na mchezaji haulizwi habari za mjane wala yatima. Alama huhesabiwa, na kazi imekwisha. Hapo dhamiri hulazwa usingizi.

Lakini Unguja yajua kwamba mauaji hayaishi hivyo. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, alikuwa Kisiwandui, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, akicheza bao na wenzake. Wauaji wakaingia, wakampiga risasi akafa. Watu wengi wakakamatwa, wengine wakashtakiwa kwa uhaini. Na hata leo taifa zima humkumbuka kila tarehe hiyo. Tena, Jumapili tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi hapo Unguja alipofika kanisani kwa ajili ya Misa. Waamini waliokuja kusali pamoja naye wakarudi nyumbani na msiba.

Basi, tumjibu mzazi wetu. Kuichukia kompyuta yenyewe hakufai. Tunguu ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambamo vijana hujifunza elimu hiyo, na huenda mwanawe akahitaji kujiunga nao kesho. Bali atazame alama ya umri. Huko Ulaya mchezo huu umewekewa alama ya miaka 18. Kama mtoto hajaufikia umri huo, amkataze, naye amweleze sababu kwa upole.

Kama kijana ni mtu mzima, mzazi aketi kando yake, atazame mchezo hadi mwisho, kisha aulize: Ni nani aliyetoa amri ya kumwua mtu huyu, na kwa haki gani? Ni nani atakayemzika? Nyumbani kwake nani anamngoja? Maswali haya mchezo hauyaulizi. Amri ya tano yatudai tuyaulize, na pa kuyauliza ni nyumbani, kabla kijana hajaenda kulala.