Somo la Kikundi: Kadi za Mkono kwa Mihuri ya Mpira

Tunaanza somo hili na habari ambayo si nzuri sana, kwa sababu ndiyo iliyotufanya tuliandike.

Kikundi kimoja cha akina mama, si mbali na soko la Malinya, kilipata kazi ya kutengeneza kadi 100 za shukrani kwa familia iliyokuwa imemaliza arusi. Akina mama walikuwa wamejifunza kuchonga mihuri ya mpira na kadi zao zilikuwa zinapendeza kweli. Karatasi na wino walinunua kwa pesa za chama. Siku ya mwisho mvua ilinyesha tangu saa nane mchana. Kadi zilipigwa muhuri jioni, zikapangwa moja juu ya nyingine, zikafungwa kwa uzi na kutiwa kwenye karatasi ya nailoni. Kesho yake familia ilipofungua, wino wa kadi moja ulikuwa umejipiga mgongoni mwa nyingine. Zaidi ya nusu zilirudishwa. Pesa hazikulipwa, na ilikuwa zamu ya mama mmoja mjane kupokea mgao wa chama mwezi huo. Akakosa.

Basi kelele zikaanza. Nani alifunga kadi? Nani alisema ziko tayari? Kikundi kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya wino! Nasi tulikuwa na kosa letu. Tulikuwa tumewafundisha kuchonga na kupiga, lakini kusubiri hatukuwafundisha. Hesabu pia hatukuwafundisha. Ndiyo maana leo tunaanza upya, hatua kwa hatua.

KADI HIZI ZINANUNULIWA NA NANI?

Tuseme ukweli. Zamani watu walitumiana kadi za Krismasi kwa posta. Siku hizi salamu nyingi huenda kwa simu, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 hata zawadi nyingi hupita huko huko. Kwa hiyo msitengeneze kadi 500 za Krismasi halafu mkae mkingoje wateja.

Lakini kuna siku ambazo mtu bado anataka kitu cha kushika mkononi: arusi, komunyo ya kwanza, kipaimara, upadirisho, mahafali, shukrani baada ya mazishi. Wageni wanaokuja kuona msitu wa Kakamega nao hupenda kitu kinachoonyesha walikotoka. Kadi za kuwatakia heri watahiniwa bado zinapendwa, lakini ulizeni mwalimu mkuu kwanza. Tangu mwaka 2016, serikali ilipopiga marufuku siku za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu, shule zimekuwa na uangalifu mwingi juu ya vitu vinavyoingia wakati wa mitihani.

Kanuni ni hii: tafuteni mnunuzi kwanza, halafu ndio mkate karatasi.

VIFAA

1. Karatasi ngumu ya manila, isiyong'aa. Wino wa muhuri hukauka kwa kunywewa na karatasi. Karatasi inayong'aa hainywi, kwa hivyo wino hukaa juu na kuchafua mikono.
2. Tyubu kuukuu ya baiskeli, au raba ya kufutia ya watoto wa shule. Soli ya kandambili iliyochakaa pia inafaa kwa picha kubwa zisizo na mistari midogo.
3. Vipande vidogo vya mbao vilivyosawazishwa kwa msasa. Fundi seremala atakupa mabaki bure.
4. Gundi ya fundi viatu, makasi, wembe, rula, penseli laini.
5. Wino wa mihuri kutoka duka la vitabu.
6. Kifuniko cha mkebe, kipande cha sponji ya godoro na kitambaa cha pamba, vya kutengenezea pedi.

HATUA YA KWANZA: KUCHONGA MUHURI

Chagueni picha ya kwenu. Msinakili picha kutoka kadi za dukani. Picha ile ina mwenyewe na sheria inamlinda. Na kwa nini mnakili, wakati Malinya inajulikana mbali kwa mafahali wanaopigana uwanjani? Chongeni fahali. Au chongeni ngoma za isukuti: kubwa, ya kati na ndogo, yaani mihuri mitatu inayokaa pamoja kwenye kadi moja. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mgeni akiona picha hiyo atauliza maana yake, na ninyi mtakuwa na la kumweleza.

Chora picha kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba. Igeuze, iweke juu ya mpira, halafu sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Picha itahamia kwenye mpira ikiwa imegeuka, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ukipiga muhuri itageuka tena na kuwa sawa.

Hapa ndipo wengi huanguka, hasa kwenye maandishi. Tuchukue neno MULEMBE. Herufi M na U hazibadiliki ukizitazama kwenye kioo, lakini L, E na B zinageuka. Hata mpangilio wa neno unageuka: kwenye mpira neno linaanzia kulia. Kabla ya kukata, shika mpira mbele ya kioo. Kama neno linasomeka vizuri kwenye kioo, kata. Kama halisomeki, futa uanze tena. Penseli inafutika, wembe haufutiki.

Kama ni tyubu, ioshe kwa sabuni, ikaushe, kata picha kwa makasi, kwaruza upande wa nyuma kwa msasa ili gundi ishike, kisha ibandike kwenye ubao. Kama ni raba, chonga kwa ncha ya wembe. Ondoa sehemu ambazo hutaki zishike wino, na uache picha ikiwa imeinuka. Kata mbali na vidole vyako, na watoto wasishike wembe.

HATUA YA PILI: KUKATA NA KUKUNJA

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikate katikati upate vipande viwili, kisha kila kipande kikunje mara moja. Umepata kadi mbili zenye milimita 105 kwa 148. Bahasha inayofaa kadi hiyo huitwa C6. Nunua bahasha moja kwanza ujaribu kabla ya kununua nyingi.

Usikunje kwa mkono mtupu. Pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula, mahali pa kukunja, halafu kunja. Mkunjo utanyooka. Ukiona karatasi inapasuka-pasuka, jaribu kukunja kwa upande wa pili. Karatasi ina nyuzi kama ubao, na hukunjika vizuri kwa kufuata nyuzi zake.

Wanaotaka wanaweza kubandika kipande cha ganda kavu la mgomba, lililonyooshwa kwa pasi ya makaa isiyo na moto mkali, kisha wapige muhuri kando yake. Ganda lazima liwe kavu kabisa. Likiwa na unyevu, baada ya wiki mbili kadi itaota ukungu.

HATUA YA TATU: KUPIGA MUHURI

Weka sponji ndani ya kifuniko, ifunike kwa kitambaa cha pamba, tia wino kidogo kidogo. Pedi iwe na unyevu, isiwe dimbwi. Gusa pedi mara mbili tatu kwa muhuri, usiukandamize. Weka magazeti machache chini ya kadi ili muhuri ushike sawasawa. Teremsha muhuri wima, bonyeza, inua wima. Usiuyumbishe.

Piga kwanza kwenye karatasi ya kujaribia. Mtu mmoja apige picha moja kwenye kadi zote, ili zifanane. Mnaweza kubandika kona ya kadibodi mezani: kila kadi inasukumwa kwenye kona hiyo, na picha inakaa mahali pale pale.

Mkimaliza, futeni mihuri kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Msitumie mafuta ya taa, yanavimbisha mpira. Msiiache juani pia.

HATUA YA NNE: KUSUBIRI

Hii ndiyo hatua tuliyoiruka. Tandazeni kadi moja moja, au zianikeni kwa vibanio kwenye kamba ndani ya nyumba, mbali na moshi. Ziacheni usiku kucha. Wakati wa mvua ndefu, ambazo huku kwetu si mchezo, ongezeni siku nzima.

Halafu fanyeni jaribio. Chukueni kadi moja kwa kila kumi, sugueni picha kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichafuka, kadi zote zisubiri. Aliyepiga muhuri asiwe ndiye anayekagua. Na jina la mkaguzi liandikwe kwenye daftari, si kwa ajili ya kumlaumu, bali ili kila mtu ajue ni kazi ya nani. Wale akina mama wa arusi hawakuwa wavivu. Kila mmoja alidhani mwenzake ameangalia.

HESABU

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni za kwenu.

Manila ya A4, karatasi 20 kwa Sh. 10: Sh. 200
Bahasha 40 kwa Sh. 5: Sh. 200
Wino uliotumika: Sh. 60
Gundi na uzi: Sh. 40
Nauli ya kwenda na kurudi Kakamega: Sh. 200
Jumla ya vifaa: Sh. 700

Kadi ni 40. Wengi wanagawa 700 kwa 40, wanapata Sh. 17.50, wanasema, "Tukiuza kwa 30 tuna faida!" Ngojeni kidogo. Akina mama wanne walifanya kazi saa tatu kila mmoja, jumla saa 12. Tuseme saa moja ni Sh. 50: hiyo ni Sh. 600. Sasa gharama ni Sh. 1,300. Na kadi nne ziliharibika, zimebaki 36. Gawa 1,300 kwa 36: kila kadi imewagharimu kama Sh. 36.

Mkiuza kwa Sh. 30 mtapata Sh. 1,080. Toa vifaa, inabaki Sh. 380 kwa saa 12 za kazi, yaani kama Sh. 32 kwa saa. Mmejipunja wenyewe. Mkiuza kwa Sh. 50 mtapata Sh. 1,800: vifaa vimelipwa, kila mama amepata Sh. 150 yake, na Sh. 500 zinabaki za kikundi.

Jambo moja zaidi. Pesa za zamu ya mtu msizitumie kununua vifaa. Mnunuzi wa kadi nyingi alipe nusu kwanza, na hiyo nusu ndiyo inunue karatasi.

ONYO: MUHURI MWINGINE

Mkijulikana kwamba mnajua kuchonga mihuri, siku moja atakuja mtu mpole, pengine hata jamaa yenu. Atasema, "Dada, nichongee kamuhuri kadogo tu." Ukiangalia, ni muhuri wa chifu, wa shule au wa hospitali. Atatoa pesa kuliko kadi 100.

Mkataeni. Kughushi muhuri ni kosa la jinai katika sheria za Kenya, na aliyechonga hawezi kusema hakujua. Lakini hata kama hakuna askari atakayejua, fikirini: barua yenye muhuri huaminiwa kwa sababu watu wanaamini muhuri. Kadi yenu nayo hununuliwa kwa sababu watu wanaamini jina la kikundi lililo nyuma yake. Hamwezi kuvunja imani moja na kutegemea nyingine. Andikeni katika sheria za kikundi kwamba mihuri yote ya kikundi inahesabiwa na kufungiwa kwenye sanduku la mweka hazina, na hakuna mwanachama anayechonga muhuri wa ofisi yoyote.

Na wale akina mama? Walikaa chini, kila mmoja akasema alichofanya na ambacho hakufanya. Walikubaliana mjane apewe zamu inayofuata kabla ya wote, na akapewa. Kisha walianza tena na kadi 20 tu. Leo wana kamba mbili za kuanikia kadi, na kadi haifungwi mpaka kitambaa cheupe kipite.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni siku zipi watu hupenda kupeana kadi? Nani tumuulize kabla ya kuanza?
2. Kazi ya kikundi ikiharibika, sisi hufanya nini kwanza: tunatafuta wa kulaumu au tunatafuta palipoharibika?
3. Je, huwa tunahesabu saa zetu za kazi? Kwa nini mara nyingi kazi ya mama huonekana ya bure?
4. Jamaa akileta ombi la muhuri wa chifu, tutamjibuje bila ugomvi?

KAZI YA NYUMBANI: Kila mwanachama achonge muhuri mmoja na kupiga kadi tano. Mkutano ujao zileteni zote mezani, na kitambaa kimoja cheupe.