Namna Kasoro ya Lenzi Ilivyorekebishwa

Katika maabara yetu tunatumia hadubini ya mwanga, nayo yafaa sana kutazama seli za kitunguu. Lakini mwanga una mpaka wake: vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 huonekana kama kimoja. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ama virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka 1947 karibu na Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu Victoria, vina upana wa nanomita 50 tu. Vikipangwa mstari, zaidi ya 200 hutosha katika upana wa unyuzi mmoja wa pamba.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia elektroni badala ya mwanga. Ernst Ruska na Max Knoll walianza kazi hiyo Berlin mwaka 1931. Lenzi yake si kioo, bali ni koili ya waya ipitishayo umeme, na sumaku yake hukusanya elektroni.

Taabu ni hii: miale ipitayo ukingoni mwa lenzi hupindwa mno kuliko ipitayo katikati. Basi haikutani mahali pamoja, na picha huwa na ukungu. Ndugu msomaji, jaribu mwenyewe. Tupa picha ya dirisha ukutani kwa lenzi ya mkononi, kisha ifunike lenzi kwa karatasi yenye tundu. Picha itakuwa safi zaidi, lakini itafifia. Katika elektroni, tundu dogo mno hupoteza hata habari za vitu vidogo.

Kwa vioo, twaunganisha lenzi nene katikati na nyembamba katikati, kasoro moja ikaifuta nyingine. Lakini mwaka 1936 Otto Scherzer alithibitisha kwamba lenzi ya elektroni iliyo ya duara, yenye nguvu isiyobadilika, haiwezi kuwa na kasoro ya kinyume.

Mwaka 1947 yeye mwenyewe alionyesha njia: kuliacha umbo la duara. Harald Rose, Maximilian Haider na Knut Urban walitumia sumaku zenye ncha sita. Ya kwanza huipotosha picha, ya pili huinyosha, na inayobaki ni ile kasoro ya kinyume iliyotakiwa. Mwaka 1998 walitangaza kwamba uwezo wa hadubini yao umetoka nanomita 0.24 hadi chini ya 0.14. Safu za atomi zikaonekana wazi.

Hapa pana funzo kwetu wanafunzi. Tukariripo kanuni, tusiyasahau masharti yake. Huenda mlango umo humo.